Matofali ya mbao kwa darasa la awali: thamani yake iko kwenye milimita

Chukua tofali la mbao lenye urefu wa sentimita 14, upana wa 7 na unene wa 3.5. Lilaze mezani: kimo chake ni 3.5. Ligeuze likae kwa ubavu: 7. Lisimamishe: 14. Kitu ni kimoja, vimo ni vitatu, na kila kimo ni maradufu ya kilichotangulia. Uzuri wote wa bidhaa hii umo humo, na humo humo ndimo inamoharibiwa, kwa sababu milimita 3 zikipungua upande mmoja, mtoto hana tena cha kugundua.

Tunachopima hapa ni seti ya matofali 100 ya kona ya ujenzi, ile ambayo shule huagiza kwa seremala, tukiilinganisha na seti za rangi zinazouzwa tayari madukani na zile za plastiki za kuchomekana. Inawafaa watoto wa miaka 3 hadi 6: chekechea, darasa la awali Tanzania, PP1 na PP2 (miaka miwili kabla ya darasa la kwanza) Kenya. Hukumu yetu tuitangulize: hatujui zana ya darasa la awali inayolipa gharama yake kwa miaka mingi kama hii, mradi imekatwa sawasawa na mwalimu awape watoto muda wa kutosha. Ikikosa moja kati ya hayo mawili, heri fedha hizo zinunue vitabu vya hadithi.

Hesabu yenyewe si mpya. Friedrich Froebel, aliyeanzisha chekechea yake Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, aliwapa watoto visanduku vya vipande vya mbao vyenye uwiano, kimojawapo kikiwa mchemraba uliogawanywa kuwa michemraba midogo 8. Vilikuwa vidogo, vya kuchezewa mezani. Vipimo vikubwa vya kujengea sakafuni tunavyovitumia leo vinahusishwa na Caroline Pratt, mwalimu aliyefungua shule yake New York mwaka 1914. Wamarekani huhesabu kwa inchi: 5½ kwa 2¾ kwa 1⅜. Ukigeuza kuwa sentimita unapata 14, 7 na 3.5 karibu kabisa, na ndivyo unavyopaswa kumwandikia fundi wako.

Seti tunayoipendekeza ina aina chache na idadi kubwa. Matofali mazima 32. Nusu 16, kila moja sentimita 7 kwa 7. Dabo 20, za sentimita 28. Marefu 6, ya sentimita 56. Nguzo 8, ambazo ni tofali zima lililopasuliwa kwa urefu, hivyo ni 14 kwa 3.5 kwa 3.5. Pembetatu ndogo 8 zinazotokana na nusu iliyokatwa kutoka kona hadi kona, na pembetatu kubwa 4 zinazotokana na tofali zima lililokatwa vivyo hivyo. Vipande 4 vya duara vyenye kipenyo cha 3.5 na urefu wa 14. Matao 2. Jumla 100. Seti za dukani hufanya kinyume: maumbo kumi na tano, kila umbo vipande vitatu au vinne, vyote vimepakwa rangi na vinapendeza kwenye picha. Mtoto akitaka ukuta, matofali yanaisha kabla ukuta haujafika kona ya pili. Tukilazimika kupunguza gharama, tunaondoa matao na vipande vya duara kwanza, kamwe si matofali mazima.

Idadi ya dabo na ya marefu haikupangwa kwa bahati. Lazima yaishe. Mtoto anayejenga uzio wa ng'ombe kwa dabo atafika mahali dabo hakuna, na mwenzake hataki kumwachia. Atazunguka na pengo lake. Atajaribu tofali zima, litabaki pengo. Ataongeza la pili, na uzio utafungika. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba mbili za namna hii ni sawa na moja ya namna ile. Ameona kwa macho na mikono yake, na kesho atachukua mawili moja kwa moja bila kujaribu. Kisha anakwenda kujenga paa, anaweka mazima mawili mahali pa dabo, na paa linaanguka katikati. Kumbe urefu ni ule ule lakini nguvu si ile ile. Somo hilo la pili halimo kwenye picha yoyote ya kitabu cha hisabati cha darasa la awali, na linatoka bure pale dabo zinapokwisha.

Mwalimu anayenunua seti hii anafaa ajue atakachokiona, asije akakata tamaa wiki ya kwanza. Mtoto wa miaka 2 au 3 akikutana na matofali kwa mara ya kwanza hajengi, anabeba. Anajaza ndoo, anamwaga, anahamisha kutoka ukuta huu hadi ule. Mwili wake unapima: tofali refu lina uzito mara nne ya zima, na mikono inalijua hilo kabla ya mdomo. Baadaye hupanga safu sakafuni au hupandanisha mnara. Kisha huja daraja, kisha uzio, kisha mapambo yenye pande mbili zinazofanana, na mwishowe, aghalabu kwenye miaka 5 au 6, jengo lenye jina: hii ni stendi, hapa basi linaingia, hapa wanakata tiketi. Mtoto wa miaka 5 ambaye hajawahi kugusa matofali naye huanza kwa kubeba, isipokuwa hatua za mwanzo huzipita upesi, pengine ndani ya siku chache.

Hatua ya daraja ndiyo ya kukaa na kutazama. Mtoto amesimamisha matofali mawili na ameshika la tatu aliweke juu. Ameyaweka mbali mno, la juu linadondoka katikati. Analirudisha, linadondoka. Watoto wengi hurudia kosa lile lile mara tatu au nne, kwa nguvu zaidi kila mara, kana kwamba tofali limekaidi. Halafu kitu kinabadilika. Mmoja anasogeza nguzo karibu. Mwingine anaacha nguzo zilipo na kwenda rafuni kuleta dabo. Wa tatu, na huyu kwa kawaida amejenga kwa miezi, anasimamisha nguzo ya kati na kutumia matofali mawili yanayokutana juu yake. Hayo ni majibu matatu sahihi kwa swali moja, na kila jibu linaonyesha mtoto amefika wapi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alisema maarifa hayamiminwi kichwani, mtoto huyajenga: ana wazo, dunia inalikataa, analipanga upya. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1896, alisisitiza mtu aliye kando yake: anachokiweza mtoto leo kwa kusaidiwa, kesho atakiweza peke yake. Kwenye kona ya ujenzi mawazo hayo mawili hayagombani. Mbao inasema hapana. Mwalimu anampa mtoto neno la kile alichokifanya.

Sasa fikiria daraja hilo hilo likijengwa kwa matofali yaliyokatwa vibaya, moja 14, jingine 13.7. Paa linayumba. Mtoto anasogeza nguzo, bado linayumba. Anabadilisha tofali, linatulia, halafu safari nyingine linayumba tena. Alichofanya hakina uhusiano na alichokipata. Mtoto wa namna hiyo hajifunzi kwamba nguzo lazima zilingane, anajifunza kwamba matofali hayatabiriki, na anarudi kwenye kubeba na kumwaga. Ndiyo maana tunasumbuka na milimita.

Tuanze na mbao, kwa kuwa makosa makubwa huanzia kwenye ghala la mbao. Kwa seti ya 100 unahitaji ubao uliopigwa randa, wenye upana wa 7 na unene wa 3.5, mita 16 hivi ukijumlisha kinacholiwa na msumeno. Mbao ya inchi 2 kwa 6 ya futi 12, ikiwa kweli ina sentimita 15 upana, hutoa vipande viwili vya upana wa 7, yaani zaidi ya mita 7 kwa kila mbao. Kwa hiyo mbao 3 zinatosha na kubakiza ya kukwepa vifundo na ya kuchongea matao. Nenda na utepe wa kupimia. Mbao nyingi zinazoitwa 2 kwa 6 zina 14 tu, na 14 hazitoi saba mbili, kwa sababu msumeno unakula milimita 3 na randa inakula zake pande zote. Ukinunua hizo bila kupima utahitaji mbao mara mbili. Mbao ya inchi moja na nusu nayo tunaikataa: inaanza na sentimita 3.8 na ikishapigwa randa pande mbili mara nyingi inashuka chini ya 3.5.

Aina ya mti ina umuhimu mdogo kuliko ukavu wake. Mtiki, mninga na mkangazi ni mizuri, mizito kiasi na haivunjiki kona. Paini na saiprasi ni rahisi kupatikana, nyepesi, ila kona zake hubonyea mapema. Tofali zima la mtiki lina takriban gramu 220, la paini karibu gramu 170. Uzito huo si jambo la kupuuza: jengo la matofali mazito hutulia, la matofali mepesi huanguka mtoto akipita na gauni. Kwa upande mwingine, tofali refu la mtiki linakaribia gramu 900, na likianguka kwenye vidole vya mguu kutoka urefu wa kifua linaumiza. Kwa watoto wa miaka 3 toa seti bila yale marefu.

Mbao mbichi ndiyo adui. Mti unapokauka husinyaa kwa upana na kwa unene, lakini kwa urefu wa nyuzi zake hausinyai kwa kiasi cha kuonekana. Ukikata mbichi, tofali la 14 kwa 7 litabaki na urefu wake wa 14 huku upana ukishuka hadi 6.8 au 6.7. Weka mawili ubavu kwa ubavu: 13.4. Weka zima moja kando yake: 14. Uwiano umekufa na fundi hakukosea hata mstari mmoja. Mbao zipangwe kivulini zikitenganishwa kwa vijiti, hewa ipite, kwa miezi kadhaa. Njia rahisi ya kujua zimekauka ni kukata kipande na kukipima kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, kata. Pwani, wakati wa masika, hata mbao kavu hunywa unyevu na kuvimba kidogo. Hilo halidhuru sana, kwa kuwa matofali yote huvimba pamoja na kwa kiasi kidogo.

Kuna mbao mbili za kukataa hata ukipewa bure. Ya kwanza ni ile yenye rangi ya kijani iliyotiwa dawa ya mchwa, ya aina inayotumiwa kwenye paa na nguzo za umeme. Dawa hiyo huwa na shaba, kromiamu na aseniki, na watoto hutia vitu mdomoni. Ya pili ni ile iliyopakwa oili chafu. Harufu yake haitoki kwa msasa, na oili hiyo haifai kabisa kugusana na ngozi ya mtoto. Mbao kuukuu za nyumba iliyobomolewa, zenye rangi ya zamani, nazo tuziache kwa sababu rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi.

Kwenye karakana, kosa tunaloliona zaidi kuliko jingine lolote ni hili: fundi anapima 28, anaweka alama katikati, anakata, anapata vipande viwili vya 14. Havina 14. Msumeno umekula 3 na kila kipande kina milimita 138 na ushee. Akitoa nusu kwa kukata tena zima katikati, anapata nusu zenye sentimita 6.85, na nusu mbili hazifiki zima moja. Dawa yake ni kizuizi: kipande cha mbao kinachofungwa kwenye meza ya msumeno umbali kamili kutoka kwenye meno, ubao unasukumwa hadi uguse, unakatwa, unasukumwa tena. Kizuizi cha 14 kinakata mazima yote 32 bila kupima tena. Kisha kinahamishwa 7 kwa nusu, kisha 28, kisha 56. Mwambie fundi pia nyuzi za mbao zifuate urefu wa tofali, hata kwenye nguzo nyembamba. Nguzo iliyokatwa nyuzi zikiwa za kukingama huvunjika siku mtoto anapoikanyaga.

Baada ya kukata, msasa: namba 80 kuondoa alama za msumeno, 120, na 180 mwisho. Kingo zote ziviringishwe kidogo, kiasi cha milimita 2. Zikiachwa kali zinachana mkono na zinamegeka vijiti. Zikiviringishwa mno, kama seti nyingi za dukani zilivyo, uso wa tofali unapungua na mnara unasimama kama juu ya mayai. Vanishi hatuipendi: inateleza na ikianza kubanduka matofali yanaonekana machafu. Rangi pia tungeacha. Mtoto akipewa matofali mekundu na ya bluu hupanga kwa rangi, jambo zuri kwa vizibo vya chupa, lakini hapa linamficha urefu ambao ndio tunaotaka auone. Mbao tupu iliyopigwa msasa vizuri huzidi kulainika kadiri inavyoshikwa.

Kabla ya kulipa, omba dakika 20 na meza iliyonyooka. Weka nusu mbili mstari mmoja kando ya zima. Weka mazima mawili kando ya dabo, dabo mbili kando ya refu. Laza mazima manne yakipandana, simamisha la tano pembeni: vichwa vilingane. Pandanisha nusu mbili, moja juu ya nyingine, na unapata mchemraba kamili wa 7 kila upande. Pitisha ukucha kwenye kila muungano. Ukucha ukikwama, tofauti imezidi nusu milimita na kipande hicho kirudi. Kisha simamisha mazima matano, moja juu ya jingine. Mnara wa sentimita 70 wa matofali yaliyokatwa sawasawa unasimama bila kuushika, wa matofali yaliyokatwa mshazari unaanza kuinama kwenye la tatu. Mwisho laza marefu yote sita mezani na ubonyeze ncha zake. Linalopiga kelele kama kiti kibovu limepinda.

Bei hatuitaji kwa sababu mbao hazina bei moja kutoka Njombe hadi Unguja. Uliza gharama ya mbao 3, ongeza siku mbili au tatu za fundi na msasa, na utajua kama umetajiwa bei ya haki. Fundi akikupa bei ya chini sana, uwezekano mkubwa ni kwamba mbao ni mbichi.

Kuhusu matumizi, kwanza muda. Dakika 15 hazijengi chochote. Watoto wanahitaji 30 hadi 45 mfululizo: 10 za kugombania na kukubaliana, 20 za kujenga, 10 za kurudisha. Shule nyingi hununua seti nzuri kisha hutoa dakika 15 baada ya uji, halafu mwalimu analalamika kwamba watoto wanabomoa tu. Kubomoa ndiko kunakowezekana kwa dakika 15.

Pili, idadi ya watoto. Matofali 100 yanawatosha watano au sita kwa wakati mmoja. Darasa la 48 lina vikundi 8 vya sita. Vikundi viwili vikiingia kwa siku, kila mtoto anafikiwa kila baada ya siku nne. Wengine wawe kona ya vitabu, ya duka, ya nyumbani. Andika zamu ukutani na uifuate, la sivyo wavulana wakubwa wataimiliki kona na wasichana watabaki kona ya nyumbani mwaka mzima. Wakipewa siku yao bila kusukumwa, wanajenga kama wengine. Kwa darasa la 70 na mwalimu mmoja tungesema wazi: seti moja haitoshi, anza na seti mbili zenye mazima na nusu peke yake.

Tatu, sakafu. Mkeka wa ukili una mawimbi, na kosa la mkeka mtoto huliona kuwa kosa lake. Jenga juu ya saruji yenyewe au juu ya karatasi ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8. Chora mstari wa chaki hatua moja kutoka kwenye rafu na ukubaliane nao kwamba hapajengwi ndani yake, maana jengo linaloegemea rafu hubomolewa na kila anayekuja kuchukua tofali. Kimo cha jengo kisivuke bega la mjenzi.

Rafu yenyewe ni nusu ya somo. Kila aina iwe na mahali pake, na umbo lake lichorwe kwa ukubwa halisi kwenye karatasi na kubandikwa. Kisanduku kikubwa kimoja cha kutupia kila kitu kinaua seti: mtoto hawezi kuona kwamba dabo zimekwisha, wala kuchagua. Wakati wa kurudisha, "leta nusu nane" ni hesabu kamili, na anayeleta nne akasema bado nne ameshatoa na kujumlisha bila daftari.

Mwalimu aseme nini? Kidogo. "Hongera, nyumba nzuri" haimpi mtoto kitu cha kufikiria. Eleza unachokiona: umeweka ndefu chini na fupi juu. Uliza swali moja linalofungua: lori likitaka kupita hapa chini, utafanyaje? Kisha nyamaza. Maneno yapandikizwe pale yanapohitajika, juu ya, kando ya, katikati, ndefu kuliko, sawa na, nusu, kwa sababu neno "nusu" lililoingia wakati mtoto ameshika nusu mbili mkononi halitahitaji kufundishwa tena ubaoni. Jaribu pia jambo hili na watoto wa miaka 4 na 5: panga nusu sita kwa safu, na nusu sita nyingine mbele yake, moja kwa moja. Zote sawa, watakubali. Sasa zitawanye za safu moja ziachane. Wengi watasema safu ndefu ina nyingi zaidi, hata waliohesabu mbele yako. Usiwasahihishe kwa maneno, watakubali kwa adabu tu na wazo litabaki. Waache wazirudishe moja mbele ya moja, na urudie jaribio baada ya wiki kadhaa. Siku mtoto atakapokushangaa kwa kuuliza swali la wazi namna hiyo, ujue wazo sahihi limekaa.

Tofali refu lililoegemezwa kwa mazima ni mteremko. Kigari cha kopo kikiachiwa kutoka juu, weka alama ya chaki kiliposimama. Kabla ya kuongeza tofali la pili chini ya mteremko, kila mtoto aonyeshe kwa kidole anadhani kitafika wapi. Kukisia kwanza ndiko kunakofanya matokeo yawe na maana. Mwalimu anayeanza kwa kueleza mvutano wa dunia amewanyang'anya swali. Watoto wa PP2 na darasa la awali wanaweza kuchora jengo lao kabla halijabomolewa, na hapo kalamu, herufi na namba zinapata kazi ya kweli: huyu anaandika STENDI, huyu anahesabu nguzo. Jengo lisilokwisha liachwe hadi kesho likiwa na kibao cha "Hatujamaliza". Wanyama, watu wadogo na vitambaa viongezwe baada ya wiki tatu hivi. Vikija siku ya kwanza, matofali hugeuka kuwa banda na kitanda tu.

Kwa kulinganisha: matofali ya plastiki ya kuchomekana ni mazuri kwa nguvu za vidole na yanaoshwa kwa dakika mbili, lakini yanashikana yenyewe, hivyo daraja lililojengwa vibaya halianguki. Mtoto hapati hapana yake. Mnara wa waridi wa Maria Montessori, mwalimu wa Kiitaliano, michemraba 10 kutoka sentimita 1 hadi 10, unafundisha ukubwa kwa usahihi wa ajabu, ila una jibu moja. Tungeuweka kona ya hisabati, si mahali pa seti hii. Shule isiyo na fedha isingoje. Mpango wa chekechea za madrasa ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, kisha ukaenda Zanzibar na Uganda, ulitegemea sana vifuu, makombe, mbegu na makopo, na watoto walijifunza. Kwa ujenzi, boksi tupu za viberiti za kampuni moja ni zana bora kuliko masalia ya mbao yasiyolingana, kwani kiwanda kimeshazipima.

Usafi ni kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, kisha kukaushwa kivulini siku hiyo hiyo. Usiloweke, usianike juani. Rafu isiguse ukuta wala udongo, na kila muhula angalia chini ya matofali kama kuna unga laini kama wa ngano. Ni dalili ya wadudu wanaotoboa mbao, na kipande chenye vitundu kitolewe kabla hakijaambukiza vingine. Vipande vichache vitapotea kila mwaka. Kwa ajili hiyo weka tofali zima moja, lililo sahihi kuliko yote, kabatini kwa mwalimu, limeandikwa "kipimo", lisichezewe. Siku ya kuagiza mengine mpe fundi hilo badala ya karatasi, na afunge kizuizi chake kwa kuligusisha.